Breki ya Pili

Tarehe 4 Machi

Wifi yangu wa mbali,

Huku kwetu wazima wote, hata paka aliyekuwa mgonjwa amepona na amerudia wizi wake. Mjukuu wetu ameota meno mawili ya chini na anang'ata kila kinachopita, nikiwemo mimi. Nimepata kazi ya kushona sare za shule nzima ya msingi: kaptura mia na ishirini, sketi mia na arobaini. Nikilala naota kaptura zinanifukuza. Mumeo hajambo? Mwambie bomba la jikoni kwangu bado linapiga ule mluzi aliosema utaisha wenyewe. Fundi gani huyo!

Sasa sikia. Mwezi ujao, tarehe saba, kaka yako na mimi tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Thelathini, mwenzangu! Nawe ndiye uliyesema hatumalizi mitatu. Nilitegemea zawadi yangu ya siku zote, yaani kitambaa, nikishone mwenyewe. Badala yake juzi mezani Mwalimu, kaka yako huyo, akaweka kijiko chini akasema, "Jiandae. Tunasafiri siku tatu. Tunafuata barabara ya pwani, vijiji vya wavuvi, kimoja baada ya kingine. Pale tutakapochoka tutalala." Nikamuuliza, kwa gari gani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Gari gani tena? Si hili la shule."

Basi ujue hivyo. Wifi yako atasherehekea ndoa yake ndani ya gari la kufundishia udereva, lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa na breki ya pili upande wa abiria. Watu watadhani nafundishwa kuolewa.

Uliniuliza habari za macho yake. Anaona vizuri. Jana akiwa mlangoni ameona kwamba nimebadilisha vifungo vya koti lake, wakati wewe mumeo hata ukinyoa kipara hatajua.

Nisalimie wateja wako wote wa saluni, hasa yule anayesinzia ukimsuka.

Wifi yako wa cherehani


Tarehe 21 Machi

Wifi,

Salamu zimefika, na wateja wameitika. Huyo anayesinzia juzi kaanguka na kiti. Mume wangu anasema mluzi wa bomba lako ni dalili ya afya. Nami nimemwambia akikanyaga huko kwenu bila spana, nitamkana. Mimi mzima, ila bega la kushoto lina alama nyeusi. Seremala ameweka fremu ya mlango mpya wa saluni ovyo ovyo, wiki hii peke yake nimeigonga mara tatu. Nimemsema mpaka kahama njia.

Hongereni kwa miaka thelathini. Nilisema mitatu kwa sababu nilikuwa namjua kaka yangu. Sikuwa nakujua wewe.

Lakini wifi, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilikuuliza macho, umenijibu vifungo. Mimi sikuuliza vifungo. Alipita hapa binti mmoja aliyefundishwa udereva na kaka, nikamsuka, na katika kusukana maneno hutoka. Anasema mwaka huu kaka amegonga nguzo ya geti la shule. Geti lile lile analoingia kwa miaka ishirini na mitano! Wanafunzi wake wanaomwita Mwalimu Breki walidhani ni utani. Lisemwalo lipo.

Unajua baba yetu alikuwa fundi saa. Wewe ulimkuta ameshaacha kazi, hukumwona jinsi ilivyoanza. Haikuanza na saa. Saa aliendelea kutengeneza vizuri kabisa, vijigurudumu vidogo kama mbegu, huku akijikwaa kwenye vigoda na kugonga watu mabega njiani. Tulicheka. Tulisema mzee kaanza kiburi, hasalimii. Alipofika miaka sitini hakuwa anaona mkono wake. Kaka ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka kila mahali, mimi nikiwafuata nyuma. Na kaka sasa ana hamsini na sita. Hesabu unaijua.

Nijibu la macho tu, mengine yaache. Ungekuwa kwenye simu ungesingizia mtandao. Kwenye karatasi huna pa kukimbilia.

Wifi yako msusi


Tarehe 3 Aprili

Wifi yangu,

Hatujambo. Naandika mbiombio, kaptura zimebaki kumi na nne na keshokutwa tunaondoka. Nimefunga mashuka mawili, chupa ya chai, na kofia ya Mwalimu anayosema haipendi na ambayo haivui.

Nguzo ya geti iliwekwa vibaya. Kama fremu yako.

Nitaandika tukirudi. Usikasirike. Mimi ndimi ninayekaa karibu na ile breki ya pili, na nakuahidi kwamba mguu wangu hautalala.

Wifi yako


Tarehe 2 Mei

Wee wifi,

Mwezi mzima! Mmeolewa upya na samaki? Huku mvua imenyesha, mume wangu kavunjika kidole gumba kwa kulazimisha bomba la watu, na mimi nakaa dirishani kumngoja mleta barua kama mchumba aliyeachwa.

Hukunijibu. "Mguu wangu hautalala" ni maneno gani hayo ya kumwambia mtu kisha ukanyamaza? Nimeyasoma mara ishirini. Mtu mwenye dereva anayeona hana haja ya kuweka mguu wake popote.

Kama kuna baya, liandike. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii anayefichwa ni ndugu wa tumbo moja. Kama hakuna, andika "hakuna" na uitie sahihi. Nisipopata hata hilo, napanda basi.

Msusi


Tarehe 14 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Keti kwanza. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumia, na mjukuu sasa ana meno manne. Pole ya kidole cha shemeji. Nimechelewa kwa sababu nilikula kiapo kwa kaka yako kwamba hutajua, na kiapo kile sikuwa na ruhusa ya kukivunja mpaka juzi, aliponiambia mwenyewe, "Mwandikie. Mwandikie yote."

Ni macho, wifi. Tangu Novemba. Ni presha ya macho. Aliingia kwa daktari peke yake, mimi nikibaki kwenye benchi nje na sketi mkononi napinda upindo. Akatoka na kichupa cha matone. Nyumbani ndipo akasema: mbele anaona kama kawaida, pembeni hakuna kitu. Ni kama anachungulia ndani ya bomba. Kilichopotea hakirudi, dawa inalinda kilichobaki. Na gari asiendeshe tena. Kisha akaniapisha. "Dada yangu alinifuata nyuma nikiwa nimemshika baba mkono. Sitaki anione mimi ndiye ninayeshikwa." Nikaapa. Ukiona mwanaume wa namna ile ana machozi, unaapa lolote.

Aliendelea kufundisha, maana anayefundisha haendeshi, anakaa upande wa pili na breki yake. Nami nikajua, nikanyamaza. Mungu anisamehe. Nguzo ya geti aliigonga siku alipojaribu kuliegesha gari mwenyewe.

Safari ilikuwa yake ya mwisho. Alitaka aendeshe mara moja tu kando ya bahari, kisha aache. Tukakubaliana: usukani wake, breki yangu. Yeye mbele, mimi pembeni. "Kulia baiskeli. Kushoto mbuzi, wawili. Kushoto mama na ndoo." Mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, kibao juu ya paa, watu wakitupisha kwa huruma. Wazimu, najua. Usiniambie, nimeshajiambia.

Lakini wifi, siku ile ya kwanza! Tulifika kijiji cha kwanza wakati wa mnada wa samaki. Watu wamezunguka meza ya saruji inayotiririka maji, dalali anataja bei haraka hata sijui anapumua saa ngapi. Kaka yako akakohoa, dalali akadhani kaongeza bei, tukawa na samaki mkubwa kama mto wa kulalia ambaye hatukumtaka. Tukachomewa pale pale, tukala na wapasua barafu watatu na bado akabaki. Tulilala chumba cha juu ya duka la kamba, kinanuka lami na katani, na tulicheka mpaka mwenye duka akagonga dari yake kwa ufagio. Siku ya pili kijiji kingine, wanapaka mashua rangi. Mwalimu akasimama saa nzima akibishana na mpaka rangi kwamba herufi zake zimelala. Alikuwa na raha, wifi. Sijamwona na raha ile tangu binti yetu azaliwe.

Kosa ni langu, nalisema wazi. Tulikuwa tunateremka kuingia kijiji cha tatu, saa tisa alasiri. Bahari ikajitokeza yote kwa mpigo mmoja, nami nikatoa mguu kwenye breki ili nimmiminie chai. Mguu nilioahidi kwamba hautalala. Wale watu wana desturi ya kutandaza nyavu zao kukatiza barabara, maana hakuna pengine palipo sawa, na mtu mmoja husimama pembeni na kitambaa chekundu kuzuia magari. Alikuwepo. Alipunga mpaka mkono ukamchoka. Alikuwa upande wa kushoto, wifi. Kaka yako hakumwona kabisa, nami macho yangu yalikuwa kwenye kikombe.

Tukapita juu ya nyavu. Zikajisokota kwenye ekseli, gari likajizima lenyewe. Niliposhuka nikaona kwamba kando ya gurudumu ameketi mama mmoja mtu mzima, miguu kainyoosha, sindano ya nyavu mkononi, ananitazama. Kutoka gurudumu mpaka unyayo wake ni hatua moja na nusu. Nilizipima. Usiku huwa nazipima tena.

Watu wakaja juu. Kisha mmoja akaona kibao cha MWANAFUNZI, akamwona kaka yako anatoka mlango wa dereva na kofia yake na mvi zake, akasema, "Loo! Mzee, umri wote huo bado unajifunza?" Kijiji kizima kikacheka. Nilitaka kufungua mdomo niwaambie huyu amefundisha nusu ya madereva wanaowaona barabarani. Akanishika mkono. Akasema, "Ndiyo. Bado najifunza."

Walikata nyavu kwenye ekseli mpaka jioni, na kesho yake asubuhi tukaketi nao kuziunga. Hakuna aliyetulazimisha. Mimi ni fundi, wifi, siwezi kuona kitu kimechanika nikakaa. Fundo lao linataka kidole cha tatu ambacho sisi wa cherehani hatukitumii, lakini kufikia saa nne yule mama aliacha kufumua nilichofunga. Ndipo alipompa kaka yako sindano ili naye ajaribu. Alimpa kwa ubavuni. Mkono wake ukabaki hewani. Akaupunga karibu na sikio la Mwalimu, taratibu, mara mbili, yeye anaangalia bahari tu. Yule mama hana dogo. Akasema mbele ya watu, "Huyu baba pembeni haoni. Nani kampa gari?"

Nikadhani atakasirika, unamjua. Akageuka mpaka akampata usoni, akamwambia, "Nimejipa mwenyewe, mama. Na jana nilikukosa kidogo tu. Nisamehe." Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mapajani mwangu juu ya nyavu. Akasema, "Ningeua mtu wa watu kwa sababu ya kutaka kuonekana dereva." Nililia, wifi, na fundo langu nikalikosea.

Sasa cheka, umelia vya kutosha. Unakumbuka miaka ishirini iliyopita alipojaribu kunifundisha, siku tatu tu, nikabomoa banda la kuku la jirani na hatukusemezana wiki nzima? Basi Februari nilikuwa nimechukua leseni ya mwanafunzi kwa siri, nikaificha kwenye kopo la vifungo ninalotembea nalo. Niliitoa pale. Akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Mwanamke una siri wewe!" Nikamwambia ni wewe uliyenifundisha kufunga mdomo.

Nikaendesha mimi. Kilomita tisini kwa saa sita. Gari lilinizimikia mara kumi na moja, tulipitwa na mkokoteni, na mwenye mkokoteni alitupungia. Yeye kaketi upande wake wa kazi, mguu kwenye breki kama anasukuma ukuta, "Kioo! Tazama kioo! Nimesema kioo, hukusikia kioo?" Pembeni hakuona, lakini barabara ya mbele aliisoma yote, kila shimo. Nilijibu kwa matusi yote niliyoyaweka akiba tangu banda la kuku. Na nakwambia kweli, katika miaka thelathini sikumbuki siku niliyompenda kama ile.

Ameacha barabara. Anafundisha darasani tu sasa, alama na sheria, na wanafunzi wanasema darasani ni mkali zaidi.

Nigombeze. Nina haki ya kugombezwa.

Wifi yako


Tarehe 9 Juni

Wifi,

Nimekugombeza siku tatu ukiwa hupo. Wateja wangu ni mashahidi. Miezi sita mnanichezesha mdako wa maneno, vifungo, nguzo! Ya nne ndipo nikakusamehe, kwa sababu ya ile hatua moja na nusu. Kaka bado sijamsamehe, ila mwambie nampenda.

Sasa na mimi niseme langu, maana tumefanana kuliko nilivyodhani. Mlango wa saluni hauna kosa lolote. Nimemwomba seremala radhi. Bega langu limekuwa likigonga vitu tangu mwaka juzi. Nilikuwa najua, wifi. Nilimwona baba. Niliogopa hata kulitamka neno, kwa hiyo nikawa naandika barua. Kila nilipokuuliza macho ya kaka, nilikuwa nauliza yangu. Nilijiambia, kaka mkubwa akiwa mzima basi na mimi mzima. Ukajibu kwamba anaona vifungo, nami nikalala vizuri wiki mbili.

Barua yako ilipofika niliisoma nimesimama. Kesho yake nilifunga saluni nikaenda kupimwa. Nami ninayo. Tulia, tulia. Jicho la kushoto limepungua pembeni kidogo, la kulia bado zima. Natia tone kila siku, na daktari anasema nikiwa mtiifu nitaona mpaka nizeeke. Mume wangu ndiye anayenitilia, kwa kidole chake kilichofungwa bendeji, na mengi yanaishia puani.

Ila kuna jambo moja. Daktari aliniuliza kwanza kabisa, "Una ndugu?" Nikamwambia ninaye, kaka mmoja, na habari zake nikamweleza. Akashangaa. Anasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na kila daktari wa macho akiupata kwa mtu humwambia awalete ndugu zake wapimwe upesi. Na jicho la kushoto limezidi kupungua katika miezi hii hii. Daktari wenu alisahau kumwambia kaka?

Njooni. Wewe uendeshe.

Msusi


Tarehe 28 Juni

Wifi yangu,

Nashukuru Mungu kwa jicho lako la kulia, na la kushoto tutalilinda kwa zamu. Leseni nimepata, ya kweli. Mtahini alikuwa mwanafunzi wa kaka yako, alitetemeka kuliko mimi. Tunakuja mwisho wa mwezi ujao.

Barua yako nilimsomea nzima. Nilipofika pale daktari alipokuuliza kama una ndugu, akaniambia nirudie. Nikarudia. Siku nne hakula chakula cha maana. Jumatatu akaniomba nimpeleke hospitali. Akaingia peke yake kama mara ile, nami nikakaa kwenye lile lile benchi, sijui kafuata nini.

Leo ameniketisha akasema, andika, usiongeze wala usipunguze. Naandika, na mkono wangu umekataa mara moja, utaona mahali.

"Mdogo wangu. Daktari hakusahau. Novemba aliniuliza kama ulivyoulizwa wewe, kwa maneno yale yale. Nikaona nikisema ninaye, utaitwa, na ukiitwa utajua. Nikamwambia sina ndugu. Akaandika kwenye faili: hana. Sikujua kwamba nawe unagonga milango, lakini nilijua daktari anauliza kwa nini. Nilijua, nikanyamaza. Wewe ulipoulizwa ukasema unaye. Jumatatu nilirudi kwake nikamwambia kwamba nilidanganya. Akafungua faili, akalikata lile neno, akaniuliza aandike nini badala yake. Nikamwambia, andika: anaye. Dada mmoja, msusi, mdogo wake wa pekee, ameshaanza dawa. Akaandika. Nikamwomba anisomee, akanisomea."

Kaka yako